Sanduku la Wapangaji

Kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru.

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa ukucha ili asiwaamshe wenzake. Kokushubila alifumbua macho. Alfajiri ilikuwa bado, na jogoo wa Kinondoni walikuwa hawajaanza kushindana. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba sebuleni kwa mwanawe, na mwili ulikuwa bado unayumba kwa uchovu wa safari: meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha gari moshi lililomrusharusha kama maharage katika ungo mpaka Dar es Salaam. Alidhani ni panya. Akawasha kandili, akaifuata ile sauti hadi penye dirisha, na hapo akaliona sanduku.

Lilikuwa sanduku la kupendeza. Mbao zake za mninga zilipigwa msasa na vanishi zikang'aa. Mbele lilikuwa na kioo, na kando ya kioo mlango mdogo wenye bawaba za shaba. Juu lilikuwa na paa lenye mgongo kama la nyumba ya Mzungu wa Oyster Bay. Ndani ulitandazwa mchanga mweupe kama chumvi. Na juu ya mchanga huo, makombe ya konokono wa baharini yalikuwa yakitembea. Yakitembea yenyewe!

"Yesu na Maria!" Kokushubila alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

Kicheko chembamba kilisikika nyuma yake. Mjukuu wake Jovina, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amesimama mlangoni akijifuta usingizi.

"Shikamoo Bibi. Usiogope. Hao ni wapangaji."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wapangaji gani wenye miguu yote hiyo?"

"Ni kaa, Bibi. Hawana nyumba zao wenyewe. Konokono akifa, kaa anaingia ndani ya kombe lake anakaa. Akikua, likimbana, anahama. Ndiyo maana tunawaita wapangaji." Mtoto aligusa kioo kwa kidole. "Yule mkubwa anaitwa Bwana Shauri. Akipita, wenzake wote wanampisha njia, kama yule Mzungu wa bomani."

Kokushubila alicheka hata akasahau kwamba alikuwa ameogopa. Kisha akamtazama mjukuu wake katika mwanga wa kandili, akimkagua kama mtu anayekagua mche uliohamishwa shamba. Mashavu hayakuwa mabaya. Nywele zilisukwa vizuri. Lakini macho? Macho ya mtoto aliyefiwa na mama huyajui mpaka uyaangalie kwa muda mrefu, na kwa ajili hiyo hasa alikuwa amekuja.

Mama yake Jovina, Tekla, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Baba yake, Audax, aliyekuwa karani wa reli, akamlea kwa shida, kisha akaoa mke mwingine, msichana wa upande wa Lindi aitwaye Anjelina. Maneno hayana miguu lakini husafiri kuliko gari moshi. Wasafiri waliorudi Bukoba walimwambia Kokushubila kuwa huyo mke ana uso wa jiwe, hacheki, hasemi, na kwamba mtoto anaishi kama kifaranga kilichoachwa kwenye mvua. Bibi hakuweza kulala. Akafunga safari kwa nia moja: kumtazama mtoto. Akimkuta anateseka, angerudi naye Bukoba. Audax mwenyewe, kwa kichwa kilichoinama, alikuwa amekubali.

"Mama," alimwambia jioni ile alipompokea stesheni, "kaa, utazame kwa macho yako. Utakaloamua, sitalipinga."

Asubuhi hiyo Anjelina aliingia sebuleni na uji wa ulezi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nembo za kwao zilizochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso. Alipiga goti, akaamkia, akaweka bakuli, akatoka. Hakusema hata "karibu". Kokushubila aliutazama mgongo wake ukipotea uani, na moyo wake ukawa mzito kama gunia lililonyeshewa.

Audax, yeye, alikuwa na mengi ya kusema, na mengi yalihusu sanduku.

"Umeliona, Mama? Mtoto alikuwa analia kila tukitoka pwani Msasani, anataka kuja na kaa wake. Nikamwendea fundi Kariakoo, nikamwambia: nitengenezee nyumba, si tundu. Watu wakipita dirishani wanasimama kuiangalia. Na mchanga ule niliuosha mwenyewe mpaka maji yakatoka safi, nikauchekecha, nikauanika juani ukakauka kabisa. Kila Jumamosi naubadilisha. Sitaki uchafu."

"Ni nyumba nzuri, mwanangu," Kokushubila alisema kwa dhati. Kwake yeye, mtu anayemjengea mtoto nyumba ya namna ile alikuwa mtu mwema, na mwanawe alikuwa mtu mwema.

Uani, Kokushubila alifahamiana na Mwanaasha, Mzaramo aliyepanga chumba cha pili. Mwanaasha alikuwa na mdomo usiolala. Alikuwa akikuna nazi siku ile, na mbuzi ya kukunia ililia chini yake kana kwamba nayo inachangia mazungumzo.

"Wamekuonyesha wapangaji wao?" aliuliza. "Siku mtoto aliponiambia jina hilo, nikamuuliza: na mie mpangaji, mbona hujanitia sandukuni? Akaniambia, 'Bibi Mwanaasha, wewe huingii, una makalio makubwa.' Mtoto yule!"

Walicheka wote wawili. Kisha Mwanaasha akapunguza sauti.

"Mkamwana wako, lakini... Mie naishi naye ukuta kwa ukuta. Sijamsikia akicheka. Mtoto anasema maneno mia, yeye anajibu moja. 'Jovina, maji.' 'Jovina, viatu.' 'Jovina, acha.' Ni kama nyumba iliyofungwa mlango na ufunguo umetupwa chooni. Mie simsengenyi. Nasema nilionalo."

"Ndilo nililoliona hata mimi," alijibu Kokushubila polepole.

Akaanza kutazama. Hakuwa mtu wa hila, bali alijua kuwa mtoto haulizwi, hutazamwa. Akaona kuwa Anjelina humpakulia Jovina chakula bila kumwangalia usoni. Akaona kuwa humvisha sare za shule bila wimbo wala mzaha. Kweli, mara moja aliona samaki wa Jovina ameondolewa miiba yote, akajiuliza nani ameiondoa, kisha akalisahau swali hilo kwa sababu Audax alianza hadithi nyingine.

Yeye mwenyewe alitaka kuwafanyia kitu wale kaa, kwa kuwa mtoto aliwapenda. Kwao Bukoba, nyumba yenye heshima hutandikwa nyasi laini sakafuni, na mgeni anapokuja, nyasi kuukuu hufagiliwa nje na mpya hutandazwa, zinukie shamba. Kumkalisha mgeni juu ya udongo mtupu ni kumtukana. Kwa hiyo akakata nyasi kandokando ya barabara, akazichambua, akafungua ule mlango wa bawaba na kuwatandikia wapangaji. Kaa walijificha chini yake mara moja. Jovina alipiga makofi. Anjelina, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga tena, akaenda zake.

"Umemwona?" Kokushubila alijisemea. "Hata neno la 'asante Mama' ni ghali."

Siku chache baadaye Bwana Shauri hakuonekana sandukuni. Kokushubila alifunua nyasi, akapekua kila pembe, asimwone.

"Yuko wapi mkubwa wenu?" alimuuliza Jovina.

Mtoto aliinamisha macho. "Mama amemtia kwenye debe."

"Debe lipi?"

Jovina alimpeleka nyuma ya jiko. Hapo, katika kivuli cha ukuta, lilikuwapo debe kuukuu la mafuta ya taa, limeota kutu, limepondeka upande mmoja, na mdomo wake umefunikwa gunia lililolowa. Halikuwa na kioo wala bawaba. Lilikuwa kitu ambacho mtu angekipiga teke akipita.

"Mama amesema asisumbuliwe," Jovina alieleza. "Hata mimi nisifungue. Nisubiri."

"Mpaka lini?"

"Hakusema. Amesema nisubiri tu." Mtoto alishika pindo la kanga ya bibi yake. "Nimemkumbuka, Bibi."

Kokushubila alimkumbatia, na juu ya kichwa cha mtoto aliliangalia lile debe kwa uchungu. Kumtoa kiumbe katika nyumba ya mninga na kumfungia gizani katika kutu! Na mtoto anakatazwa hata kumwona! Kama hivi ndivyo anavyofanyiwa mnyama wa mtoto, mtoto mwenyewe atafanyiwaje baba akiwa kazini? Usiku ule alikunja kanga zake na kuziweka karibu na sanduku lake la safari. Uamuzi ulikuwa umekaribia kuiva.

Kesho yake Jovina alipokwenda shule, na Anjelina alipokwenda bombani, Kokushubila alijifunga kibwebwe. Nia yake ilikuwa njema kama maziwa. Mtoto atakaporudi, amkute Bwana Shauri nyumbani kwake, juu ya nyasi mpya. Akafunua gunia. Debe lilijaa mchanga karibu na mdomo, mchanga wa kijivu, mbichi, wenye vipande vya majani. "Uchafu gani huu," alisema. Akalipindua debe juani, mchanga wote ukamwagika, akaanza kuupekua kwa vidole.

Kaa alikuwa chini kabisa. Lakini hakuwa kaa aliyemjua. Gamba lake la mwilini, pamoja na kucha, lilikuwa limelala pembeni, tupu, kama nguo iliyovuliwa. Mwenyewe alikuwa nusu nje ya kombe lake, mweupe, mlaini kama ute wa yai, na alipoguswa hakujikunja. Mguu wake mmoja ulibaki kwenye kidole cha bibi.

Kokushubila alipiga ukelele.

Mwanaasha akatoka mbio na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nyoka?" Akatazama chini. "Ewe! Mbona amechunwa?"

"Amechunwa," Kokushubila alirudia. "Amemchuna mnyama wa mtoto."

Hapo ndipo Anjelina alipotokea pembeni mwa nyumba, ndoo ya maji kichwani. Aliona debe lililopinduliwa. Akaona jua. Hakuuliza kitu wala hakumlaumu mtu. Alitua ndoo kwa haraka hata maji yakaruka, akaivua kanga yake ya begani, akaitandaza juu ya kaa kama hema, akapiga magoti mavumbini.

"Mama, nishikie hapa. Kivuli kisitoke."

Kokushubila alishika pindo la kanga. Hakujua kwa nini alitii, ila sauti ile haikuwa ya jiwe. Ilikuwa ikitetemeka.

Anjelina alirudisha mchanga ndani ya debe kwa viganja, akaunyunyizia maji kidogo kidogo, akiukanda, akiujaribu. Akachimba shimo kwa ngumi hadi kina cha kiwiko, akamteremsha kaa pamoja na kombe lake, na lile gamba tupu akaliweka kando yake. "Atalila," alisema. "Ndilo linalompa nguvu." Kisha akafukia taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Hajafa?" aliuliza Mwanaasha.

"Sijui. Amejivua gamba. Wanajivua kama nyoka, ila wao ni lazima wajifukie. Akiwa hivyo hana kinga. Wenzake wakimkuta wanamla, jua likimpiga anakauka. Kwetu Lindi tulikuwa tunawafuga tukiwa watoto. Bibi yangu alitukataza kufukua."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo Kokushubila alikuwa ameyasikia kinywani mwake. Alikaa chini mavumbini, mzee wa watu, mikono yake ikimning'inia.

"Na katika lile sanduku?" aliuliza.

Anjelina alisita. "Mchanga wa kule ni mkavu, na ni kama kidole tu kina chake. Hawawezi kujifukia. Wa kwanza walikufa. Baba Jovina alisema wameugua, akaosha mchanga zaidi." Aliupangusa mkono wake kwa pindo la gauni. "Kwa hiyo nikiona kaa ameanza kufifia rangi na kuzubaa, namtoa namleta huku. Akipona namrudisha."

"Mbona hukumwambia mumeo, mwanangu?"

"Alilitengeneza kwa mapenzi, Mama. Kila mgeni anaonyeshwa. Ningemwambiaje kwamba nyumba aliyomjengea mtoto wake inaua? Mimi ndiye mgeni hapa. Nilimchukua mtoto wa mwenzangu. Nikisema sana, wataniambia nimekuja kubomoa." Kisha, kwa sauti ndogo, "Sina maneno mazuri. Sikuzaliwa nayo."

Mwanaasha alikuwa ametazama chini, akikwangua mwiko wake kwa kidole gumba ingawa haukuwa na kitu. "Haya," alisema mwishowe, "nimeacha mchuzi motoni." Akaenda, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuongeza neno.

Saa ya shule ilipokwisha, Jovina alikuja mbio kama desturi yake, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko kulisalimu debe. Akaona mchanga uliomwagika.

"Nani amefungua?" alipaza sauti. "Mama, nani amefungua?"

"Debe lilipinduka," Anjelina alijibu upesi, bila kumtazama Kokushubila. "Nimelirudisha."

Kokushubila aliyasikia maneno hayo kama mtu aliyewekewa mto chini ya kichwa asiouomba. Mwanamke ambaye yeye alikuja kumhukumu alikuwa akimfunika mbele ya mtoto. Angeweza kunyamaza, na mambo yangeisha hapo. Lakini hakuwahi kulalia mto wa mtu mwingine.

"Halikupinduka, mjukuu wangu," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kukufurahisha, nikafukua. Bwana Shauri alikuwa anajivua gamba, na nimemng'oa mguu. Huenda akafa. Nisamehe."

Uso wa Jovina ulikunjika. Kilio kilitoka tumboni, kile cha mtoto kisicho na haya. Kokushubila alifungua mikono yake miwili, kwa maana ndivyo mikono ya bibi inavyofanya yenyewe. Lakini mtoto alimpita kama upepo, akaenda kujitupa kwa Anjelina, akauzika uso wake katika gauni lake, akaushika mgongo wake kwa vidole vyote kumi kama anayeogopa kuchukuliwa na maji.

"Mama! Mama! Nilisubiri! Uliniambia nisubiri nikasubiri!"

"Ulisubiri," alisema Anjelina. "Nimekuona. Ulisubiri vizuri." Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, ukipapasa ile misuko aliyoisuka mwenyewe, na ulijua njia. Haukuwa mkono uliokuwa ukifanya hivyo kwa mara ya kwanza.

Kokushubila aliteremsha mikono yake. Moyo ulimuuma, na palepale ukatulia, kama unavyotulia mguu uliotolewa mwiba. Alikuwa ametoka Bukoba kutafuta jibu katika macho ya mtoto, katika mashavu yake na katika maneno ya majirani. Jibu lilikuwa miguuni. Mtoto aliyeumia hukimbilia pale alipozoea kupona.

"Haya," Anjelina alimwambia mtoto kilio kilipopungua. "Nenda kamshike Bibi mkono. Alikuonea huruma, ndiyo maana alifukua. Mtu asiyekupenda hafukui mchanga kwa kucha zake."

Jovina alikwenda, akiwa bado anavuta kamasi, akauweka mkono wake mdogo katika mkono wa bibi yake. Ilitosha.

Jioni hiyo Kokushubila alimweleza mwanawe yote, na hakuficha hata yaliyolihusu sanduku. Anjelina alisimama karibu na mlango, vidole vyake vikisokota pindo la kanga. Audax alilitazama sanduku lake la mninga. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa nguvu.

"Kumbe nilijenga baraza nikasahau chumba! Na wewe, Anjelina, muda wote huo ukawa unawahamisha wagonjwa wangu kimyakimya kama nesi wa usiku! Kwa nini... hapana, usijibu. Najua kwa nini. Ningelikasirika." Alijikuna shingo. "Basi chumba nitakijenga. Niambieni, kina kiwe kiasi gani?"

"Mpaka kwenye kiwiko," alisema Anjelina.

Jumamosi hawakubadilisha mchanga. Badala yake walitoka wote, na Mwanaasha akawafuata "nikanyooshe magoti tu," wakashuka Msasani wakiwa na madebe. Audax alielekea ufukweni penye mchanga mweupe, kwa mazoea, na mkewe akamvuta shati.

"Huo ni wa macho," alimwambia. "Ukikauka unateleza, shimo linawabomokea."

"Basi ule wa kujengea, wa mto Msimbazi?"

"Una punje kali. Ungependa kulalia changarawe ukiwa huna ngozi?"

"Na ukichanganywa chokaa kidogo, uwe safi?" Mwanaasha aliuliza kwa uchokozi.

"Wewe tutakupaka chokaa kwanza, tuone!"

Mwanaasha aliangua kicheko. "Kumbe huyu mtu ana ulimi! Baba Jovina, mkeo ana ulimi, ulikuwa umeuficha wapi?"

Anjelina aliwaongoza juu ya mahali maji yanapofika, chini ya vichaka, penye mchanga wa kijivu uliochanganyika na majani yaliyooza na vumbi la makombe. Ndipo kaa wenyewe walipokuwa na vishimo vyao. Akauchota, akaufumbata, akafungua kiganja. Ulishikamana kama kitumbua. Akautoboa kwa kidole. Tundu likabaki wazi, halikuporomoka.

Kokushubila naye alichota. Alikuwa mwanamke wa migomba na kahawa. Mikono yake ilikuwa imeshika udongo kuliko ilivyoshika kitu kingine chochote. Akausikilizia unyevu wake kwa kidole gumba.

"Waitu! Ni kama udongo wa kuatikia miche ya kahawa," alisema, akishangaa kwa neno la kwao. "Ukiloa sana mche unaoza, ukikauka unakufa. Sisi huufunika kwa nyasi kavu, unyevu usikimbie."

Anjelina alimgeukia. "Siku ile ulipowatandikia nyasi, Mama, nilitaka kukuambia kuwa ni vizuri. Walikuwa wanahitaji kivuli. Neno likakwama."

"Nililiona likikwama," alisema Kokushubila. "Nikadhani ni neno jingine."

Audax alishinda Jumapili nzima baada ya misa akiongeza mbao chini ya sanduku. Likawa refu na la ajabu kidogo, kama mtu aliyevaa suruali mbili. Ndani walijaza mchanga wa kijivu hadi nusu ya kioo, wakatia kifuu kimoja cha maji ya kunywa na kingine cha maji ya bahari, makumbi ya nazi ya kupandia, makombe matupu ya kila ukubwa kwa atakayetaka kuhama, na juu ya yote nyasi za Kokushubila. Wapita njia walipochungulia dirishani siku iliyofuata hawakuona chochote isipokuwa mchanga na nyasi. Wakaondoka. Chini, mahali macho hayafiki, wapangaji walikuwa wakichimba.

Bwana Shauri, debeni, hakuonekana wiki ile, wala iliyofuata. Kokushubila alikuwa amekwisha kata tiketi ya kurudi, lakini akaahirisha safari. Hakumwambia mtu sababu, na hakuna aliyemuuliza. Kila asubuhi alimkuta Anjelina nyuma ya jiko akilowesha gunia, akamsaidia. Mara nyingine walizungumza juu ya Tekla, alivyopenda kuimba akipepeta. Anjelina aliuliza nyimbo zilikuwa zipi, na Kokushubila akamfundisha moja, ili mtoto asiipoteze.

Kisha asubuhi moja Jovina alipiga kelele hadi Mwanaasha akadhani tena ni nyoka. Gunia lilikuwa limeinuka upande mmoja. Kutoka chini yake zilitokeza kucha, halafu macho mawili kwenye vijiti vyake, halafu Bwana Shauri mwenyewe, mwekundu kama papai bivu, gamba jipya linang'aa. Mguu mmoja haukuwapo. Alitembea akichechemea, akafika kwenye kombe kubwa alilowekewa, akalipima kwa kucha ndani na nje kama mtu anayekagua chumba kabla ya kulipa kodi, kisha, fyu! akahamia.

"Bibi, usilie," alisema Jovina. "Mama amesema mguu utaota tena akijivua mara nyingine."

"Silii, mjukuu wangu. Ni vumbi tu," alisema Kokushubila, huku akijifuta kwa kanga.

Siku ya kuondoka ilifika. Audax alikuwa nje akifunga mizigo kwenye rukwama ya kwenda stesheni, na Jovina alikuwa ameketi juu yake akidai naye ni mzigo. Nguo za mtoto zilibaki zimetundikwa kwenye misumari chumbani mwake. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, ila Audax alipopita na kuziona, alisimama kidogo, akamshika mama yake bega.

Kokushubila alimwachia mkamwana wake kifurushi cha kahawa ya kutafuna ya kwao, iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Anjelina alimpa samaki wakavu, akapiga goti kuagana. Alibaki chini hapo kwa muda mrefu kuliko desturi. Akafungua mdomo, akaufunga. Kokushubila hakuondoka. Sasa alijua kusubiri mbele ya mlango ule.

"Mama," Anjelina alisema hatimaye, "kahawa ikishavunwa... utakuja tena kututazama?"

Kokushubila alimwinua kwa mikono yake miwili, akaushika uso ule wenye nembo, ambao wasafiri waliuita jiwe, akaona jinsi ulivyolowa machozi. Ama kweli, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.